Hatuchomi vitabu Uganda. Je, riwaya ya wachoma vitabu inatuhusu?

Swali: "Mwalimu, salamu kutoka Busia. Ninafundisha Fasihi na kusimamia klabu ya usomaji katika shule moja ya sekondari hapa mpakani. Tunayo nakala moja tu ya Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, kwa hiyo nawasomea wanafunzi kwa sauti. Sasa wameomba mdahalo wenye hoja hii: 'Uganda ya leo ndiyo nchi ya riwaya ile.' Upande mmoja unasema ndiyo, kwa kuwa hakuna anayesoma tena, kila mtu amezama kwenye simu. Upande wa pili unasema hapana, hapa hakuna kitabu kilichochomwa. Wamenipa kiti cha hakimu, nami naona pande zote mbili zina ukweli na zote zina kasoro ambayo nashindwa kuitaja. Wewe ungeamuaje?"

Mwalimu, salamu zimefika. Ningewapa ushindi wanaosema hapana, kisha ningewaambia kwamba wameshinda kwa hoja mbovu. Wanaosema ndiyo nao wameona kitu cha kweli, ila wamekitafuta kwenye ukurasa usio wake. Moto umewazubaisha wote. Ukurasa unaoihusu Uganda katika kitabu kile hauna moto hata cheche. Unahusu baraza za nyumba. Nitaufikia, lakini hatuwezi kuruka moja kwa moja.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana na riwaya yenyewe: ilitoka Marekani mwaka 1953. Montag ni askari wa zimamoto katika mji wa siku zijazo. Nyumba za mji huo hazishiki moto, kwa hiyo kikosi chake kimepewa kazi nyingine: kikichongewa kwamba mtu fulani ameficha vitabu, kinakwenda kuviteketeza. Mkewe, Mildred, anashinda sebuleni akizungukwa na kuta tatu zinazoonyesha maigizo kutwa nzima, na anamsumbua mumewe waweke ukuta wa nne. Usiku analala na viredio vidogo masikioni. Jirani yao ni msichana anayeitwa Clarisse, ambaye anaonekana wa ajabu kwa sababu anapenda kutembea kwa miguu, kuuliza maswali na kuzungumza. Baada ya kukutana naye, Montag anaanza kutilia shaka kazi yake, na vitabu anavyotumwa kuchoma anaanza kuvificha nyumbani.

Sasa angalia jambo ambalo mdahalo wenu, kwa jinsi ulivyonieleza, umelisahau. Katika riwaya hiyo hakuna dikteta. Umtafute ukurasa kwa ukurasa, humpati. Kuna hata uchaguzi: rafiki za Mildred wanaeleza jinsi walivyompigia kura mgombea aliyeitwa Noble kwa sababu alikuwa mtanashati, na mpinzani wake alikuwa mfupi na mnene. (Wasomee wanafunzi kipande hicho polepole. Watacheka, kisha watatazamana.) Na mkuu wa zimamoto, Kapteni Beatty, anapomtembelea Montag nyumbani kumweleza historia ya kazi yao, anasema waziwazi kwamba jambo hili halikuanzia serikalini. Watu wenyewe walianza. Vitabu vikubwa vilifupishwa viwe vipindi vya redio vya robo saa, vikafupishwa tena viwe safu ya kusomwa kwa dakika mbili, vikaishia mistari kumi au kumi na miwili ya kamusi. Halafu kila kundi lililokerwa na ukurasa fulani likadai uondolewe. Serikali ilipoingia na mafuta ya taa, ilikuta kazi kubwa imeshafanyika.

Bradbury mwenyewe aliyumba kati ya majibu mawili. Mwaka 1956, akihojiwa redioni, aliieleza riwaya kama zao la hofu yake kuhusu vitisho vya kisiasa vilivyokuwa vikiikumba Marekani wakati ule. Mwaka 2007, akiwa mzee, aliliambia gazeti moja la Los Angeles kwamba watu wamemwelewa vibaya: hakuwa anaandika juu ya serikali kukataza vitabu, alikuwa anaandika juu ya televisheni kuua hamu ya kusoma. Kwa hiyo hata mdahalo wenu una mizizi ndani ya mwandishi mwenyewe. Mimi simpi mwandishi neno la mwisho juu ya kitabu chake. Alipokiandika alikuwa na hofu zote mbili, na zote mbili zimo.

Jambo lililompata baadaye linachekesha na kuudhi kwa pamoja. Kuanzia mwaka 1967 mchapishaji wake alitoa toleo la shule lililofyekwa maneno ya matusi na mambo kadhaa yaliyoonekana hayafai kwa vijana, bila kumwuliza. Kitabu kinacholaani ufyekaji wa vitabu kilifyekwa kimyakimya, na kikauzwa hivyo kwa miaka mingi. Yeye alikuja kugundua mwishoni mwa miaka ya 1970, akapiga kelele, na maandishi kamili yakarudishwa. Hakuna aliyewasha kiberiti. Kulikuwa na mhariri, kalamu, na hamu ya kuuza shuleni bila kesi.

Kwao Marekani, basi, riwaya bado inagonga penyewe. Shirika la waandishi la PEN America lilihesabu zaidi ya matukio 10,000 ya vitabu kuondolewa katika shule za umma kwa mwaka mmoja wa masomo, 2023–2024, mengi yakiwa katika majimbo ya Florida na Iowa. Malalamiko ya wazazi na makundi yao yameshikana mikono na sheria za majimbo. Beatty angeitambua picha hiyo bila kuelezwa.

Lakini sisi je?

Hapa ndipo upande wa ndiyo unapoteleza. Hadithi ya Beatty inahitaji taifa lililojaa vitabu, likashiba, likachoka. Huwezi kusema mtu amekinai chakula ambacho hakikupakuliwa mezani kwake. Mkazi wa Kampala anaweza kuingia duka la vitabu la Aristoc pale Kampala Road akatazama rafu, akatazama bei, akarudisha kitabu mahali pake. Ukitoka Kampala, "bookshop" ya mji mdogo ni duka la madaftari, kalamu, karatasi za mitihani iliyopita na vijitabu vya muhtasari. Vitabu vya hadithi vipo viwili vitatu, ni vile vilivyoteuliwa kwa mtihani, na mtihani ukibadilisha orodha navyo vinaondoka. Kumwambia kijana aliyekulia hapo kwamba "kizazi chenu kimeacha kusoma" ni kumtwisha lawama ya mtu mwingine. Hakuacha kitu, maana hakuwahi kupewa.

Hata hivyo, kipande kimoja cha hotuba ya Beatty kinatuchoma sisi kuliko Wamarekani, nacho ni cha kufupisha. Wewe ni mwalimu, pamfuleti za muhtasari unazijua. Mwanafunzi wa Uganda anaweza kutaja dhamira, wahusika na mbinu za riwaya ambayo hakuwahi kuona jalada lake, kwa sababu alinunua kurasa ishirini zilizochapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, zenye majibu yanayosadikiwa kumridhisha msahihishaji wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Nimesoma insha za wanafunzi wa shule mbalimbali zenye hoja zilezile, kwa mpangilio uleule, mpaka makosa ya tahajia yaleyale. Hakuna aliyewakataza kusoma riwaya nzima. Kilichotokea ni kwamba mfumo mzima, kuanzia mzazi hadi mwalimu anayehesabu madaraja ya shule yake, umewaonyesha kwamba riwaya nzima ni njia ndefu ya kufika mahali ambapo pamfuleti inafika kwa nusu saa. Hiyo ni ile safu ya dakika mbili ya Beatty, imevaa sare ya shule.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi kwa mashine za Nasser Road. Mashine ileile inayotoa pamfuleti ndiyo inayotoa nakala ya riwaya nzima kwa mwanafunzi wa Wandegeya asiyeweza kununua halisi. Mwenye haki ya kunakili analia, na ana haki ya kulia; lakini vitabu vingi vya waandishi wetu wenyewe, vilivyokwisha madukani zamani, vingekuwa vimetoweka mikononi mwa wasomaji kama si fotokopi zilizochakaa.

Nije kwa upande wa hapana, wanaosema hapa hakuna kitabu kilichochomwa. Wakumbushe Namugongo, mahali pa Mashahidi wa Uganda. Tarehe 3 Juni kila mwaka barabara zetu zinajaa mahujaji, wengine wakipita hapohapo kwenu Busia kutoka Kenya. Waliochomwa pale mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walijulikana kwa jina la wasomaji, abasomi. Kabla yao, katika miaka ya 1870, vijana Waislamu wa ikulu ya Mutesa I waliuawa vilevile. Nao walikuwa wamefundishwa kusoma na watu waliotoka pwani. Wengi wa wasomaji wa mwanzo Buganda walijifunza kwa Kiswahili, kabla Kiganda hakijapata Injili yake iliyochapwa. Sisemi kwamba waliuawa kwa kosa la kushika kitabu. Mtawala aliona vijana wa nyumba yake wanamtii mwingine, na kusoma ndiko kulikokuwa mlango wa utiifu huo mpya. Lakini tazama nani aliyetiwa motoni. Kitabu hakikuguswa. Msomaji ndiye aliyechomwa.

Tangu hapo mtindo wetu haujabadilika sana: karatasi inaachwa, mtu anafuatwa. Mwaka 1962 Makerere iliwakusanya waandishi wa Afrika waliokuja kuwa majina makubwa, akina Chinua Achebe, Wole Soyinka na kijana wa Makerere aliyeitwa wakati ule James Ngugi, ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o. Kampala ilikuwa na jarida la Transition, lililosomwa mbali sana na hapa. Miaka sita baadaye mhariri wake, Rajat Neogy, alikuwa kizuizini pamoja na mwanasiasa Abu Mayanja, enzi za Obote, kwa sababu ya yaliyochapishwa humo. Mshairi Okot p'Bitek aliondolewa katika uongozi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni akaishia kufanya kazi Kenya. Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na kiongozi wa Jumba la Taifa la Maonyesho, aliuawa mwaka 1977 chini ya Amin, muda mfupi baada ya kundi lake kurudi kutoka tamasha la FESTAC kule Lagos. Tamthilia ya Kawadwa ungeweza kuikuta mahali. Kawadwa mwenyewe huwezi.

Siku hizi pia. Nakala za kitabu cha Olive Kobusingye kuhusu utawala wa Museveni zilizuiliwa Entebbe mwaka 2010, na tukio hilo linakumbukwa kwa sababu si la kawaida. Kuzuia shehena ya vitabu si desturi yetu. Desturi yetu ni ya Kakwenza Rukirabashaija: alitoa riwaya ya dhihaka mwaka 2020, akakamatwa, Desemba 2021 akakamatwa tena kwa maneno aliyoyaandika Twitter, akatoka kizuizini na makovu mgongoni, akaikimbia nchi. Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi alilolibandika Facebook, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta hukumu hiyo Februari 2020. Kifungu cha sheria ya mitandao kilichotumika kumshtaki Kakwenza kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023, baada ya yeye kuwa tayari uhamishoni.

Ukitaka kujua kwa nini hatuna zimamoto wa Bradbury, jibu liko hapo. Kikosi cha kuchoma vitabu ni gharama, na kina maana pale tu ambapo kila nyumba inaweza kuwa imeficha maktaba darini. Penye nakala mia chache za kitabu, kumtisha mwandishi mmoja kunatosha, na waandishi wengine wanajifunza bila kuambiwa. Ng'ambo ya mpaka wenu, Kenya, Matigari ya Ngũgĩ, iliyoandikwa kwa Kikuyu, iliondolewa madukani mwaka 1987. Ngũgĩ alisimulia kwamba serikali ilisikia wakulima wanazungumza juu ya mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchi akiuliza maswali, ikaagiza akamatwe, ikaja kugundua kwamba ni mhusika wa riwaya. Hicho kitabu kilifuatwa kwa sababu kilikuwa kimetoka kwenye karatasi. Kilikuwa kimefika kwenye mazungumzo.

Na mazungumzo ndiyo ukurasa wa baraza niliokuahidi.

Uko katika sehemu ya kwanza, ni mfupi, na wengi wanaupita wakikimbilia moto. Clarisse anamweleza Montag habari alizozisikia kwa mjomba wake: zamani nyumba zilikuwa na baraza mbele, watu wakakaa hapo jioni, wakizungumza wakitaka, wakinyamaza wakitaka. Wasanifu wa majengo wakaziondoa, wakisema hazipendezi. Mjomba anasema hicho kilikuwa kisingizio. Sababu ya chini ni kwamba hawakutaka watu wakae vile, bila shughuli, wakizungumza. Watu walikuwa wanazungumza mno na walikuwa na muda wa kufikiri.

Sisi baraza zetu tunazijua. Kuanzia mwaka 2000 hivi, Radio One ilikuwa ikirusha kila Jumamosi mjadala kutoka Club Obbligato hapa Kampala, ulioitwa Ekimeeza. Watu wameketi kuzunguka meza, chupa ziko mbele yao, kipaza sauti kinapita. Mbunge anasema, fundi wa magari anamjibu, mwanafunzi wa Makerere anawasahihisha wote wawili kwa takwimu alizozikariri asubuhi. Redio nyingine zikaiga. CBS, redio ya Buganda, ilikuwa na wa kwake ulioitwa Mambo Bado, jina la Kiswahili katikati ya Mengo, makao ya ufalme huo, jambo ambalo mpaka leo linanifurahisha. Mijadala ile ilikuwa na kelele, porojo, na wasemaji waliojipenda mno. Pia ilikuwa shule ya watu wazima ambao hawakuwa na vitabu: mtu aliyesoma gazeti alilieleza kwa mia waliosikiliza mezani na kwa maelfu waliokuwa na redio majumbani.

Septemba 2009 ilitokea ghasia, baada ya Kabaka kuzuiwa kwenda Kayunga. Redio kadhaa zilifungwa. CBS ilikaa kimya kwa zaidi ya mwaka mmoja. Na mijadala ya hadhara, ebimeeza, ikapigwa marufuku. Redio zilipofunguliwa, muziki ulirudi, matangazo ya biashara yalirudi, mpira ulirudi. Meza hazikurudi kama zilivyokuwa.

Ukiwapa wanafunzi wako tukio moja tu la kulinganisha, wape hilo. Mjomba wa Clarisse angelielewa kwa sentensi moja. Hakuna ukurasa uliochomwa, maduka ya vitabu yaliendelea kufunguliwa saa tatu asubuhi, na mtu aliyetaka kusoma peke yake chumbani aliachwa asome. Kilichokatazwa ni kukaa pamoja na kusikika.

Sasa simu. Upande wa ndiyo unasema simu ndiyo kuta za Mildred, na kwa saa nyingi za siku wana haki. Ninawaona vijana kwenye matatu (teksi, kama tunavyoziita sisi) wakitelezesha kidole kutoka video moja hadi nyingine bila uso kubadilika, spika ndogo masikioni, kama walivyochorwa miaka zaidi ya 70 iliyopita. Jumamosi jioni, wakati wa mechi ya Arsenal, kibanda cha mpira kimejaa, duka la kubeti la jirani limejaa, na Beatty, aliyeshauri watu wapewe michezo zaidi ili wasiwe na muda wa kuwaza, angepewa kiti cha mbele.

Lakini jiulizeni hivi. Katika riwaya, je, serikali iliwahi kuzima kuta za Mildred? Haikuwahi, na ingekuwa wazimu kufanya hivyo. Kuta ndizo zilizomtuliza. Uganda imezizima. Julai 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kutumia WhatsApp, Facebook au Twitter, na Rais alieleza kwamba anataka kutoza umbea, olugambo. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando. Katikati yake, Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti yote ilizimwa nchini, ikarudi siku ya tano. Facebook ilifungwa wiki hiyohiyo na haikufunguliwa pamoja na nyingine. Watu wakajifunza VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, mpaka mama muuza ndizi akawa analijua neno hilo.

Mtu hazimi dawa ya usingizi kwa kuogopa wanaosinzia. Simu ile iliyo mkononi mwa mwanafunzi wako ni ukuta wa Mildred na ni kitabu kilichofichwa na Montag chini ya mto, vyote ndani ya kifaa kimoja, na vinabadilishana zamu mara kadhaa kwa saa. Bradbury hakuliona hilo. Aliweka burudani upande mmoja na fikra upande mwingine, akachora mpaka katikati. Kwetu shairi la Nyanzi na video ya mtu anayeanguka kutoka kwenye bodaboda vilipita kwenye bando moja.

Na bado ndani ya riwaya yenyewe yuko anayetusaidia. Ni Faber, profesa mzee aliyestaafishwa. Montag anapomwendea akiabudu vitabu, Faber anamkatiza: huhitaji vitabu, unahitaji baadhi ya vitu vilivyokuwa ndani ya vitabu, na vitu hivyo vingeweza kuwa hata redioni na kwenye kuta, ila haviwekwi. Kisha anataja mambo matatu yanayokosekana: habari yenye uhai wa kweli ndani yake, nafasi ya kuitafakari, na haki ya kutenda kwa yale uliyojifunza.

Mimi ningeufanya mdahalo wenu usimame juu ya hayo matatu, badala ya moto. La kwanza hatujakosa kabisa. Tunalo kwenye hadithi, nyimbo, redio, hata kwenye kibanda cha video, ambapo VJ anaifasiri filamu ya Marekani kwa Kiganda, anawapa wahusika majina ya mitaa yetu na kuwasema wanasiasa katikati ya milipuko. Mildred alipewa maigizo yenye pengo la kusoma mistari aliyoandikiwa. VJ anaandika mistari yake mwenyewe juu ya filamu ya mtu mwingine. Ningependa kumwona Beatty akijaribu kumdhibiti VJ. La pili, nafasi ya kutafakari, linatuumiza kimyakimya: mwanafunzi anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kumaliza "prep" saa nne usiku hana nafasi, na hakunyang'anywa na televisheni, amenyang'anywa na ratiba ya shule. Wewe na mimi tumo katika ratiba hiyo. La tatu ndilo zito. Kusoma unaruhusiwa. Kuketi na wenzako mkasema hadharani mlichosoma, kisha mkafanya jambo, hapo ndipo askari wanapoanza kuonekana.

Nikubaliane na jambo moja la kufurahisha kabla sijakuacha. Mwishoni Montag anawakuta watu porini ambao kila mmoja amekariri kitabu. Yeye mwenyewe anabeba kipande cha Mhubiri. Wasomaji wa Marekani huona hilo kama ndoto. Wanafunzi wako watasema, "Lakini hivyo ndivyo babu alivyokuwa." Waache waseme, kisha uwape Kasubi. Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya makaburi ya Makabaka. Ujuzi wa kuezeka nyumba ile haukuwa kwenye kitabu kimoja cha kwenda kukitafuta. Umeshikwa na ukoo wa Ngeye, na koo nyingine zina sehemu zao. Ujenzi ulichukua miaka, ulijaa malumbano ya fedha na taratibu, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Watu wa porini wa Bradbury ni wapweke, kila mtu kitabu chake, akifa huyo pengo linabaki. Ukoo unafundisha wengi kitu kimoja, na hugombana juu yake, jambo ambalo nadhani ndilo linalokihifadhi. Usiwaache, hata hivyo, waligeuze kuwa dharau kwa maandishi. Okot alimpa Lawino, mke anayesema katika utenzi wake Song of Lawino, malalamiko makali kwamba nyumba ya mumewe ni msitu wa giza wa vitabu, na wanaume wamehasiwa humo. Lakini Okot aliyaandika malalamiko hayo, akayachapa mwaka 1966, ndiyo maana tunayo.

Kwa mdahalo wenyewe: badilisha hoja isomeke, "Uganda ya leo inaogopa mazungumzo kuliko vitabu." Kila upande usome kwa sauti kipande kimoja cha riwaya kabla ya kuanza; wa ndiyo wasome baraza za Clarisse, wa hapana wasome hotuba ya Beatty, kisha kila upande uruhusiwe kutumia kipande cha mwenzake. Mwalike mwalimu wa Historia aeleze mwaka 2009, kwa sababu wanafunzi wako walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wachanga. Na kwa kuwa nakala ni moja, wape wanafunzi watano kurasa mbili mbili za kukariri wiki hii, usiwape pamfuleti. Mwalimu mkuu akiuliza mdahalo unahusu nini, mwambie ni riwaya ya Marekani ya mwaka 1953, na umwalike.